Cheti cha Kunipeleka Kaburini

Jumatatu, 3 Machi 2025. Rongo.

Daktari wa Homa Bay amesema moyo wangu umechoka. Haya. Nina miaka themanini na mmoja, arobaini kati yake nikifundisha hesabu. Hata moyo wa ng'ombe ungechoka. Nimeanza kuandika ili mimi, Mwalimu Kerosi, niungame kabla sijaondoka. Mbele ya mchungaji naona haya.

Ungamo la kwanza. Mjukuu wangu Moraa anataka kusomea cheti cha udereva wa magari ya biashara, katika chuo kimoja huko Migori. Ada, shilingi elfu thelathini na tano. Fedha pekee zilizomo nyumbani ni akiba ya mazishi yangu, elfu arobaini. Nikaiangalia karatasi ya ada, nikaona mwanga! Dereva wa gari la maiti hudai ujira, chakula cha mchana, na soda kila akimaliza mlima. Moraa akiwa dereva, nitabebwa bure. Kisha atabeba wengine kwa malipo. Huku misiba haiishi. Cheti kitajilipa kabla nyasi hazijaota juu yangu.

Nimemwambia nitalipa, kwa sharti kwamba abiria wake wa kwanza niwe mimi. Amecheka mpaka akakaa chini. Ati, "Na ukichelewa, Babu?" Nimemhakikishia kwamba sitachelewa.

Alhamisi, 6 Machi.

Nimelipa. Mke wangu Nyakerario amegundua kabla ya chai. Ameuliza kama nataka kuzikwa ndani ya gunia. Nikamwonyesha hesabu. Akasema hesabu zangu ndizo zilizotuletea sungura mia mbili, tukala sungura miaka mitatu.

Nikampigia Angwenyi wa Homa Bay, rafiki yangu wa zamani na mshindani wangu wa kila siku. Ana gari la kubebea maiti. Nikamwomba amwekee Moraa kazi. Akacheka hadi salio langu likaisha. Eti msichana atamtikisa maiti mpaka asahau kwamba amekufa. Mjinga! Tulipofundisha pamoja, yeye alikuwa mwalimu wa michezo.

Ijumaa, 28 Machi.

Moraa amerudi na cheti! Kina muhuri. Nimekishika, nimekinusa.

Kisha mikosi miwili. Kwanza, napata nafuu. Nimetembea hadi langoni bila mkongojo. Nimeongeza ugali wa wimbi. Aibu tupu! Kila siku ninayoishi inachelewesha faida. Nikisikia hatua za Moraa, nalala na kuguna.

Pili, Nyakerario ameuliza, kwa sauti tamu ya kunimaliza, watu wa Homa Bay huzika zaidi siku gani. Jumamosi, nikasema. Na sisi Jumamosi huwa wapi, Mwalimu? Kanisani! Sisi ni Wasabato, na Moraa ndiye sauti ya kwanza ya kwaya. Hesabu yote niliipiga kwa wino wa rangi mbili, na Sabato haikunijia akilini.

Jumapili, 30 Machi.

Nimembembeleza Angwenyi amjaribu Moraa kwa misiba ya katikati ya wiki. Yeye ni Mkatoliki na Jumamosi si neno kwake, ana dereva wa siku hiyo. Amekubali kwa sharti: Rongo hadi Homa Bay, na maiti asitikisike. Maiti ni nani? Mimi! Nikalala nyuma, shuka hadi usoni. Angwenyi akakaa mbele kama mkaguzi wa shule.

Moraa aliyapita matuta kama mama aliyebeba mtoto mgongoni. Nikasinzia. Nikazinduka kwenye kizuizi cha polisi. Afisa mmoja, Magige, akafungua mlango wa nyuma, akavua kofia, akatupa pole, akaomba kibali cha mazishi. Angwenyi akababaika. Moraa akababaika. Basi nikajibu mwenyewe, kutoka chini ya shuka, kwamba bado hakijatoka.

Afisa alitimua mbio, akarudi baada ya muda, kofia imepotea. Tulicheka wote wanne. Angwenyi alicheka akiwa ameshikilia boneti, nikahofia tutapata maiti wa kweli. Kisha Magige akamwomba Moraa namba ya simu. Mama yake ana mgongo mbovu, huenda kliniki Homa Bay kila Jumanne, na hajapata dereva asiyemtikisa.

Jumanne, 15 Aprili.

Moraa hana nafasi! Mama Magige aliwasimulia wagonjwa wenzake, nao wakawasimulia majirani. Angwenyi amempa gari lingine, lenye godoro. Jumapili hadi Ijumaa anabeba walio hai. Mfu huenda mara moja. Mgonjwa huenda, hurudi, na wiki ijayo huenda tena. Amenirudishia ada yote, na kitenge kwa Nyakerario juu yake. Asubuhi aliimba akiosha gari, nami nikamsaidia besi. Daktari anasema moyo wangu umetulia.

Nyakerario amezifungia fedha sandukuni, kwa mazishi. Amenikataza hata kulitazama.

Lakini nimelala chali, nikawaza. Moraa sasa ni dereva wa watu wenye miadi. Siku yangu ikifika, atawaacha wagonjwa sita barabarani ili anibebe mimi bure? Itabidi tukodi mtu. Ujira! Chakula! Soda! Hapana.

Ungamo la leo: sanduku nimelifungua. Chuo cha Migori kimepokea ada, na mwanafunzi aliyeandikishwa ni Kerosi. Masomo yanaanza Jumatatu. Nikishapata cheti changu mwenyewe, siku ya mazishi yangu sitamhitaji dereva yeyote. Nimeikagua hesabu mara tatu. Haina kosa.