Siku Nilipopaka Mati za Gari Mafuta ya Nazi

Jamani, leo nimepatikana. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa bafu na bukta, suti imening'inia mbele yangu inadondosha maji, na mati nne za gari, zile za kukanyagia sakafuni, zimelala ndani ya bafu. Nimeshazisugua kwa sabuni mara mbili, bado zinateleza. Nikinyamaza, Otieno atawasimulia, na Otieno mnamjua kwa kuongeza chumvi. Bora niseme mwenyewe.

Tuanze na gari. Mnaonifahamu mnajua kwamba kwangu huingii na viatu. Unafungua mlango, unakaa miguu ikiwa nje, unavua, viatu unaviweka kwenye mfuko wa plastiki, ndipo unaingiza miguu. Otieno, jirani yangu Mkenya wa hapa Hopkins, huku ughaibuni kwenye theluji, gari langu analiita sebule. "Bro, siku moja utatuambia tunawe mikono ndio tu-board." Mnacheka kwa sababu hamkuliona gari langu la kwanza. Lile nilipita nalo majira matatu ya baridi nikikanyaga na mabuti yenye theluji na chumvi wanayomwaga barabarani. Maji yale yakapenya chini ya kapeti, yakatulia humo, yakala bati polepole. Siku fundi alipoinua kapeti tuliona lami. Nilikuwa naendesha gari lenye dirisha la chini na sikuwa na habari. Basi hili la pili, lenye kapeti rangi ya maziwa, niliapa halitakanyagwa.

Sheria ikafanya kazi vizuri mpaka alipokuja mama yake Upendo.

Upendo ni mchumba wangu, muuguzi, anakaa Roseville. Mama yake amekuja kutoka Njombe kumtembelea, na Jumamosi hii anarudi. Barua yangu ya posa iko kwa baba zake wakubwa siku nyingi na haijajibiwa. Wanamsubiri mama arudi awaambie kijana ni mtu wa namna gani. Na mama ana wasiwasi mmoja, ambao hakuuficha: mimi ni mtu wa Tanga. "Watu wa pwani wana maneno matamu," alimwambia binti yake. "Mimi nataka kuona mtu." Kwa hiyo leo Jumapili nikapewa zamu ya kumchukua Roseville nimpeleke kanisani kwetu Saint Paul, ili aone mtu.

Upendo alinipigia simu Ijumaa.

"Elia, nakujua. Mama yangu usimvue viatu."

"Lakini Upendo, kapeti..."

"Nikimkuta mama yangu yuko na soksi kwenye theluji, hiyo posa sahau."

Jana asubuhi nikaenda kununua mati za mpira, zile za majira yote, zenye kingo zilizoinuka kama sinia. Theluji ikiyeyuka, maji yanabaki humo humo, unazitoa, unamwaga, unarudisha. Nilijiuliza kwa nini sikununua miaka yote hii (jibu ni ubishi). Otieno akanisaidia kuzipachika kwenye vile vishikizo vya sakafuni. "Hii ya driver uishike poa, isi-slide ikaingia chini ya pedal," akasema. Ushauri mzuri. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu na heshima zake.

Lakini mati hazikuwa na mng'ao. Zilikuwa nyeusi ya mkaa, nyeusi iliyochoka, na zilikuwa mpya! Mnajua wenyewe, kwetu gari halihesabiki limeoshwa mpaka raba zake zing'ae. Na mimi mtu wa Tanga. Kwetu mafuta ya nazi ni ya nywele, ni ya ngozi, ni ya bawaba ya mlango unaolia. Nilikuwa na kopo zima kabatini. Nikazitoa mati zote nne, nikazipandisha mpaka bafuni, nikazipaka. Sikupaka kidogo. Nilizipaka kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Ziling'aa mpaka nikaiona taa ya dari ndani yake. Nikapiga na picha (nimeshaifuta, msiniombe).

Leo asubuhi nashuka, gari limelala nje kwenye baridi ile ya kugandisha kope. Nafungua mlango. Mati nyeupe pee, kama zimepigwa chokaa. Mafuta yote yameganda. Mimi nafanya kazi maabara, najua kabisa mafuta ya nazi yanaganda kwenye baridi, ninalo kopo linaloganda kila mwaka mbele ya macho yangu. Lakini jana sikuwa mtu wa maabara, nilikuwa mkwe. Nikachukua kile kifaa cha kukwangulia barafu kwenye kioo, nikakwangua. Mengine yakatoka vipande vipande, mengine yakakataa. Saa inakwenda. Nikawasha hita, nikaielekeza miguuni, nikaondoka. Nafika Roseville, yameyeyuka, mati zinang'aa tena kama jana. Nikamshukuru Mungu. Nilishukuru mapema.

Mama akatoka, koti refu, kitenge juu ya kofia ya sufu, mabuti yamebeba theluji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Nikamfungulia mlango wa mbele kwa heshima zote. Mama akainama, akaangalia sakafu. Akaangalia mabuti yake. Akaanza kuvua.

"Hapana mama, usivue."

"Gari safi hivi nikanyage na uchafu wangu?"

"Kanyaga tu mama. Hizo mati ndiyo kazi yake."

"Mimi nimelelewa, mwanangu."

"Nakuomba mama, vaa."

"Na mimi nakuomba, niache."

Buti moja likawa limeshatoka. Nikaliokota nimrudishie mguuni. Akalivuta. Nikalivuta. Hapo ndipo Upendo alipotokea mlangoni, akamkuta mama yake amesimama kwa mguu mmoja, soksi ya njano imekanyaga theluji, na mimi nimeshika buti lake kwa mikono miwili.

"Elia."

Jina tu.

"Si mimi," nikasema (buti ninalo).

"Nimevua mwenyewe," mama akasema.

"Usimtetee, mama."

Upendo akapanda nyuma, akafunga mlango kwa namna ambayo majirani wote walijua tunaondoka. Mama akakaa mbele, mabuti ameyapakata mapajani kama mtoto, soksi zake ziko juu ya mati.

Tukaingia barabarani. Hita inanguruma. Taratibu harufu ikaanza kupanda. Kwanza kidogo. Halafu gari zima likanukia jiko la bibi yangu siku ya Krismasi.

"Kuna mtu amepika?" mama akauliza.

"Labda ni majirani," nikajibu. Tuko kwenye barabara kuu, majirani gani.

Nikashusha kioo kidogo. Baridi ikaingia kama kofi. Upendo akapiga chafya. Nikapandisha. Harufu ikarudi. Nikashusha. Mama akaniangalia, akaangalia kioo, akafunga koti mpaka kidevuni. Kisha akaisogeza miguu yake huku na huku.

"Sakafu yako laini," akasema. "Inateleza."

"Ni mpira mpya, mama."

Nilikuwa natokwa na jasho kwenye baridi ambayo maji yanaganda hewani. Kichwani nilikuwa naiona ile barua yangu inarudishwa kwenye bahasha.

Tukafika kanisani. Watu wamejaa mlangoni wanakung'uta viatu, wanasalimiana. Mama akaanza kuvaa mabuti juu ya soksi zilizolowa mafuta. Nikasema hapa ndipo nitakapojikomboa: nizunguke haraka, nimfungulie mlango, nimpe mkono, watu waone. Nikashuka. Nilichosahau ni kwamba viatu vyangu vya kanisani, soli ya ngozi, vilikuwa vimeloweka kwenye mafuta tangu Hopkins. Nimezunguka mbele ya gari kwa hatua fupi fupi, salama. Nimefika mlangoni kwa mama, salama. Nimeshika kitasa, nimefungua, nimetabasamu, nimesema, "Karibu ma..."

Miguu ikaondoka. Yote miwili kwa pamoja, ikaelekea chini ya gari. Mimi nikabaki nimening'inia kwenye kitasa kwa sekunde moja hivi, halafu kitasa nacho kikanichoka. Nikakaa chini puu, katikati ya ule uji wa theluji na chumvi, suti yote, mbele ya magoti ya mama mkwe. Uji ukaingia hadi mahali ambapo sitapataja.

Nyuso zetu zikawa zinatazamana. Watu wote mlangoni wakageuka. Nikatafuta neno la kusema. Akili ikapekua kabati lote, ikaniletea moja tu.

"Shikamoo mama."

Mama hakucheka. Akafunga zipu ya buti lake la pili.

"Marahaba," akasema. "Lakini si tulishasalimiana?"

Nyuma ya gari nikasikia Upendo anatoa sauti ambayo sikujua ni kilio au nini. Mama akainama, akagusa mati kwa kidole, akakinusa.

"Elia. Haya ni mafuta ya nazi?"

"Ndiyo mama."

"Kwenye gari?"

"Nilitaka zing'ae, mama. Kwa ajili yako."

Akaniangalia. Akaniruka, akaingia kanisani. Upendo naye akapita bila kunitazama, mabega yanamtikisika. Nikajua nimekwisha. Sijawahi kuumia moyoni kama nilivyoumia pale chini, na nyuma kulikuwa kumekufa ganzi.

Nikajificha kiti cha mwisho, karibu na kipasha joto. Kosa jingine. Suruali ikaanza kukauka, na mnajua ile chumvi ikikauka inavyofanya. Ibada ikaenda mpaka pale pa kukaribisha wageni. Mzee wa kanisa akamwita mama mbele atusalimie. Mama akashika maikrofoni.

"Naomba na aliyenileta aje asimame hapa."

Nikainuka. Nyuma ya suruali nyeusi nilikuwa na maduara mawili meupe, makubwa, yenye kingo. Chumvi yote niliyoikinga isiguse kapeti ilikuwa imehamia kwangu. Nikatembea ubavu ubavu kama kaa, mgongo ukutani, mpaka mbele. Nikageukia watu. Nikapumua, upande wangu wa mbele hauna doa. Ndipo nikakumbuka kwamba kwaya inakaa nyuma ya madhabahu. Na Otieno anaimba besi.

Nikasikia besi inacheka.

"Mimi natoka Njombe," mama akasema. "Nimekuja kumwona mwanangu Upendo, na nimekuja kumwona huyu. Niliambiwa watu wa pwani ni maneno. Leo ameanguka mbele yangu, amekaa kwenye maji ya barafu. Nimewaona wanaume wengi wakianguka. Kwanza wanatukana. Huyu kabla hajainuka akaniamkia."

Kanisa zima likacheka. Mama akangoja wamalize.

"Heshima ya kujifanya ingedondoka palepale, lakini yake haikudondoka. Nikirudi nitawaambia baba zake Upendo wajibu ile barua."

Vigelegele. Upendo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kitambaa mdomoni. Mimi sikuweza kusema hata asante. Nilishindwa, mimi mtu wa Tanga.

"Ila mwanangu," mama akaongeza, maikrofoni bado ipo mdomoni, "mafuta ya nazi ni ya wali."

Kwaya ikashindwa kuimba wimbo uliofuata. Baada ya ibada Otieno akanikumbatia mlangoni. "Bro, kumbe uli-marinate gari. Na kule nyuma tuliona ramani yote."

Wakati wa kurudi nilitandika magazeti ya kanisani juu ya mati. Nikamwambia mama, tafadhali, ingia na mabuti. Akavua. Upendo akavua. Nikaendesha kurudi Roseville na watu wawili wenye soksi, na mmoja wao, Upendo, ananitabasamia kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Kwa hiyo kuanzia leo sheria ya gari langu imebadilika: ingieni na viatu, theluji, chumvi, chochote, mati zitakinga, mimi nitamwaga. Na mwenye kutaka kucheka acheke leo amalize, kwa sababu Otieno ameshaomba nafasi ya kuongea harusini.