Sikuwa Nikiwaza, Nilikuwa Nikitafuta Skrubu

Kwa Shemeji, Mwenye Nyumba ya Wageni,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na vyumba vyote sita vimejaa. Najua tumetenganishwa na barabara tu, lakini nikija kusema kwa mdomo utanikaribisha chai, na nikishakunywa chai yako sina tena ubavu wa kulalamika.

Lalamiko langu ni kinyago kilichosimama sebuleni kwako, kati ya pazia na meza ya mapokezi, pamoja na vikapu, ngoma na michoro unayowauzia wageni. Kinyago hicho ni mimi. Mchongaji wako alinitazama siku tatu kupitia dirisha la kibanda changu cha kutengeneza saa, nami nikadhani ni mteja anayesitasita.

Kwanza, kibao kilicho chini yake. Umeandika: "Mzee Akiwaza Hatima ya Bara." Shemeji, siku hizo nilikuwa nimeinama natafuta skrubu ya saa ya mwalimu mkuu, ndogo kuliko punje ya mtama. Bara halikunipitia akilini hata mara moja.

Pili, sikio la kushoto halipo. Mchongaji anasema mti uliishia hapo. Mimi sikuishia hapo.

Tatu, binti wa mapokezi hutundika funguo kwenye vidole vyangu.

Nne, mke wangu. Jana nilirudi nyumbani bila chumvi, akanipokea mlangoni: "Karibu, Mzee wa Hatima! Bara umeliwazia, chumvi je?" Majirani walicheka hadi wakaegemea ukuta.

Tano, mgeni wako wa chumba namba nne alivuka barabara kuja kunilinganisha. Alinizunguka mara mbili, akaniomba niiname, kisha akamwambia mwenzake, "Kile cha mti kina hisia zaidi." Hayo yalisemwa mbele ya mteja aliyeniletea saa ya marehemu baba yake. Akaichukua, akasema, "Basi fundi, waza kwanza, nitarudi." Hajarudi. Utani unakoma hapo, Shemeji. Nani atamwachia saa ya baba yake mzee aliyezama mawazoni?

Sita, na hili ndilo baya kuliko yote, nimeanza kuwaza kweli. Juzi nilishika bisibisi toka saa nne hadi adhuhuri nikijiuliza bara linaelekea wapi. Sikupata jibu, na saa ya mwalimu mkuu bado imelala.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hiki sikukichonga mimi.

Kwa hiyo naomba ukiondoe; au uandike "Fundi Saa Akitafuta Skrubu"; au mimi nije kusimama sebuleni, kinyago kikae kibandani kwangu. Wateja waliobaki hawatagundua, na wewe utapata chenye masikio mawili.

Msalimie kaka. Watoto waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Mpishi na binti wa mapokezi wote salamu. Za mchongaji zipoze kidogo kabla ya kumfikishia.

Ni mimi shemeji yako,
Fundi Saa

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimekiona kinyago kikitolewa, kimeviringishwa kwa blanketi, kichwa nje, kikapakiwa kwenye gari la mgeni aliyekinunua. Hakuna aliyeniaga. Sebule yako, kutoka hapa nilipo, imepwaya. Tafadhali mwambie mchongaji achonge kingine, kikubwa kidogo, na kibao kisibadilishwe hata herufi. Jumatatu kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa dirishani. Skrubu niliipata, ilikuwa kwenye pindo la suruali, nitaiangusha tena.