Wingu la Mwindaji na Jicho la Dada

Jumamosi, 14 Februari

Darubini imefika. Fupi, nene, nyeupe. Imekaa mezani kama ndoo iliyolala ubavu. Ndani ina vioo viwili, kikubwa kitakoni na kidogo karibu na mdomo. Sijamwita mtu kunifundisha. Miaka kumi na tisa napiga picha za eksirei hospitalini. Nimeona mbavu, nyonga, na sarafu zilizomezwa na watoto. Anayepiga picha ya kilichojificha tumboni hawezi kushindwa na kilichoning'inia wazi angani.

Shabaha yangu ni wingu la Mwindaji. Wingu la gesi, liko kwenye kundi la nyota la Mwindaji, karibu na zile nyota tatu zilizojipanga kama vifungo vya shati. Kwa macho ni doa tu. Kwa kamera, wanasema, ni ua jekundu. Mfamasia wa jengo la pili la hospitali yetu alilipiga mwaka jana kwa darubini yake, akalitundika juu ya dirisha lake la dawa. Watu wanakwenda kuchukua dawa za minyoo, wanarudi wakimsifu. Mwenyewe husema alibahatisha tu. Simpendi mtu anayebahatisha vizuri.

Sasa Metroni ametangaza kwamba korido ya jengo jipya la hospitali itatundikwa picha moja kubwa, iliyopigwa na mfanyakazi. Mwisho wa kupeleka ni tarehe 24. Korido ina mita arobaini. Jina langu litakaa chini, upande wa kulia, herufi za wastani. Sitaki makuu.

Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, ameipapasa darubini kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishaondoka. La kulia linafunga kutoka pembeni. Anasema ni kama kuchungulia tundu la ufunguo. Upasuaji wa kuokoa kilichobaki ni tarehe 18 mwezi ujao. Ameniomba alione hilo wingu kwanza, kwa sababu upasuaji ni kama mtihani, unajua siku ya kuingia, matokeo hujui. Nimemwahidi. Tangu mama atutoke, dada ndiye aliyenilea kwa cherehani yake. Siku hizi hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano.

Usiku: mawingu. Siyo ya gesi. Ya mvua.

Jumapili, 15 Februari

Nimesoma kwamba vioo lazima vitazamane sawasawa. Nyuma ya kioo kikubwa kuna skrubu tatu. Nadhani zilikuwa sawa. Nikazungusha ya kwanza kulia, ya pili kulia ili isijisikie vibaya, ya tatu kushoto ili kuzipatanisha. Nilipochungulia niliona jicho langu mwenyewe limejibanza upande mmoja wa bomba, linanitazama kwa mashaka.

Jioni anga ilifunguka kwa nusu saa. Kila nyota ilikuwa na mkia. Sikuona mbingu, niliona dimbwi la viluwiluwi.

Dada akashauri nimuulize mfamasia. Nikamwambia afadhali niuulize ukuta.

Jumanne, 17 Februari

Giza la mwezi. Usiku kama huu hupatikana mara moja kwa mwezi. Mwanga wa mbalamwezi huyafuta mawingu ya gesi kama maji yanavyofuta chaki, kwa hiyo wapiga picha za mbali tunamwona mwezi ni adui. Leo adui hayupo. Ipo taa ya ulinzi ya uani, ambayo wapangaji wenzangu walikataa izimwe hata saa moja. Walitaja wezi.

Mpango: aproni ya risasi, ile tunayovaa kazini kujikinga na mionzi. Kama mionzi haipiti, taa itapita wapi? Sikuiiba. Niliivaa chini ya koti nikatoka nayo langoni, nikitembea kama mjamzito wa miezi minane. Mlinzi alinisalimia kwa upole usio wa kawaida.

Saa mbili usiku nilipanda ngazi nikaifunika taa. Giza likashuka, zuri mno. Lilidumu dakika nne. Kisha taa, chuma chake, kipande cha ukuta na waya wote vikashuka pamoja na aproni. Cheche. Jengo zima likazimika.

Sijawahi kuona anga nyeusi namna ile. Nyota zilimwagika kama chumvi. Lakini mota inayoizungusha darubini kufuata nyota hutumia umeme wa jikoni kwetu. Kwa hiyo nilikuwa na giza kamili na darubini maiti.

Dada aliita kutoka ndani akiuliza kama friji nayo imezima. Chupa mpya ya dawa yake ya macho huhifadhiwa kwenye ubaridi. Nikamwambia dawa ni ya kiume, itavumilia.

Jumatano, 18 Februari

Umeme umerudi saa tisa alasiri. Fundi umeme hakunisalimia.

Dawa hatukuiamini tena. Mfamasia alikuja na chupa nyingine, na simjui aliyempa habari. Dada anasema ni yeye mwenyewe, alimpigia simu. Mfamasia alikaa naye nusu saa, akimwinulia kidole mbele ya uso, akimuuliza kinapotelea wapi. Kilipotelea mapema. Wakati wa kuondoka alinivuta mlangoni.

"Kaka," akasema, "kitu chenye mwanga hafifu kwenye darubini hukioni kwa kukikazia macho. Unakitazama kwa pembe ya jicho. Dada hana pembe tena. Lile wingu sidhani kama ataliona."

Nikamuuliza ananishauri nini.

"Mwonyeshe mwezi. Wiki ijayo utakuwa nusu, na unang'aa. Huo ataupata katikati kabisa."

Nilimshukuru kwa sauti ya baridi. Ujanja wake uko wazi kama dirisha lake. Anataka niuchezee mwezi mpaka tarehe 24 ipite.

Alhamisi, 19 Februari

Anga safi. Mwezi umekuwa ukucha mwembamba na ulizama mapema. Taa ya uani haijarudishwa. Mungu hamtupi mja wake.

Dada alitoka saa moja jioni, amevaa sweta mbili, nikamwekea kiti kando ya darubini. Alikuwa amechana nywele. Nikamwambia anipe dakika kumi niielekeze mashine.

Kuielekeza kulikula saa moja na nusu. Nyota tatu za vifungo zilipita mbele ya kioo mara sita, kila mara zikielekea pengine. Saa mbili na nusu nikalinasa wingu lenyewe: doa la moshi lenye vijinyota vinne katikati. Nilishika kifua.

Dada akauliza, "Sasa niangalie?"

Hapa ndipo utaalamu unapoanza. Pale anapochungulia mtu ndipo kamera inapokaa. Ama jicho, ama kamera. Nikamweleza kwamba nikishaifunga kamera siwezi kuitoa, fokasi itaharibika, na nahitaji picha mia moja za sekunde thelathini ili kuzirundika ziwe moja. Zikiisha, zamu yake.

"Hamna shida, mdogo wangu," akasema. "Nipo."

Picha ya kumi, alinisimulia jinsi alivyonishonea sare ya shule kwa pazia. Nilimwomba asitingishe kiti. Picha ya ishirini na mbili, aliuliza wingu liko upande gani, nikamwonyesha kwa kidole, nikasahau kwamba kidole nacho hakioni. Picha ya thelathini, aliingiza mikono ndani ya sweta. Picha ya arobaini na moja, mawingu yalitokea nyuma ya tangi la maji, yakafunga kila kitu kama mtu anayefunga duka.

Tulikaa mpaka saa tano. Hayakufunguka. Nilipomshika mkono kumwingiza ndani, vidole vyake vilikuwa kama bomba la maji alfajiri. Akasema usiku ulikuwa mzuri, alisikia vyura.

Jumamosi, 21 Februari

Picha arobaini na moja. Katika thelathini na nane nyota zimevutika kama punje za mchele. Nazilaumu pumzi za dada, alikaa karibu mno na miguu ya darubini. Zimebaki tatu. Nimezirundika. Kompyuta ilifikiri kwa muda mrefu, kisha ikatoa kitu cha kijivu chenye haya ya waridi katikati. Nikavuta rangi. Nikavuta tena. Likawa jekundu kama kidonda.

Nilimwita dada, nikamkalisha mbele ya skrini. Nikaenda kumletea miwani yake na chai, nikachelewa kidogo kwa sababu sukari ilikuwa imeganda. Nilipofika mlangoni nilimkuta ameinamisha uso karibu kabisa na kioo, anasogeza kichwa polepole, juu, chini, kushoto, kama mtu anayetafuta pini sakafuni.

"Ni nzuri," akasema aliposikia viatu vyangu. "Ni nzuri sana, mdogo wangu. Nimeliona."

Nikasogea kumwonyesha sehemu ya waridi. Skrini ilikuwa imejizima yenyewe. Nyeusi tii.

Niliweka chai mezani. Tulikunywa.

Baadaye nimebadilisha mpangilio, skrini sasa haitazimika mpaka baada ya saa moja. Tatizo limetatuliwa.

Jumanne, 24 Februari

Nimeipeleka picha kwa Metroni asubuhi, imechapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, ndani ya bahasha ya eksirei. Hilo la bahasha lilikuwa kosa. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso, akauliza mgonjwa huyu amelazwa wodi gani.

Nikamweleza kwamba ni angani. Akaigeuza juu chini. Akasema hata hivyo wagonjwa watakaopita korido hiyo wengine wanatoka kupewa habari za mapafu yao, na haitakuwa vizuri wakutane na hii. Korido itatundikwa picha ya mfamasia. Mfamasia, nimeambiwa, hakuiwasilisha mwenyewe. Wauguzi ndio waliompelekea.

Kisha akauliza kwa sauti ya taratibu kama najua ilipo aproni namba tatu. Nimeandika maelezo ya kurasa mbili. Neno "mjamzito" nililifuta.

Nyumbani dada aliuliza imekuwaje. Nikasema wanatafakari. Akasema watu wakubwa hutafakari sana, akanipikia uji.

Alhamisi, 26 Februari

Mwezi umevuka nusu. Usiku usiofaa kwa lolote. Nilibaki ndani nafua fulana nyeupe ninayofunikia mdomo wa darubini kupigia picha za majaribio. Nilipomaliza, dada hakuwepo chumbani.

Alirudi saa tatu, ameshikwa mkono na mke wa mfamasia. Uso wake ulikuwa umelowa. Nilidhani ameanguka. Nikauliza nani kamkosea.

Alikaa kitandani bila kuvua viatu. Akasema alikwenda kwa mfamasia, naye alimweka kwenye kiti kirefu, akamshusha na kumpandisha mpaka jicho likakutana na tundu la darubini yake, akamwambia asitafute chochote, angoje. Akangoja. Halafu mwezi ukaingia.

"Una mashimo," akaniambia. "Kwenye ukingo, pale mwanga unapokutana na giza, mashimo yana vivuli ndani yake. Kama kitambaa kilichochomwa na pasi ya mkaa. Nimeyahesabu. Nimefika kumi na saba."

Nikasema mwezi hata kuku anauona.

"Mimi nilikuwa siuoni," akasema. Akauliza kama kesho tunaweza kuutazama wote wawili, kwenye darubini yetu, hapo uani. Darubini kama ndoo, akasema, bila shaka itauonyesha vizuri.

Nilimweleza kwa upole kwamba kesho nina kazi ya kulinganisha vioo upya, na kwamba mtu aliyeahidi wingu hawezi kulipa kwa mwezi. Akaitikia. Akavua viatu, kimoja, kingine baada ya muda.

Nimelala vibaya. Kumi na saba. Mfamasia ameniibia dada yangu kwa kitu rahisi. Akiingia kwenye upasuaji na mashimo yale kichwani, huyo mtu ndiye atakayekumbukwa. Haiwezekani.

Jumatatu, 2 Machi

Nimepiga hesabu usiku kucha. Giza la mwezi linalofuata ni tarehe 19. Upasuaji ni tarehe 18. Usiku huo wa tarehe 19 jicho litakuwa chini ya bandeji. Hesabu haikubali.

Saa nne nilishuka kitengo cha macho. Muuguzi wa kule tunafahamiana, hunipa kiti. Nikamwomba asogeze tarehe ya dada mbele kidogo. Akafungua jalada, akasema daktari ameandika kwa wino mwekundu kwamba asicheleweshwe. Nikasema ni sababu za kifamilia. Akauliza kama mgonjwa mwenyewe amekubali. Nikasema ndiye aliyenituma. Akapekua kalenda, akasema nafasi iliyo wazi ni tarehe 22 Aprili, hana nyingine. Ni mbali kuliko nilivyotaka, lakini ndani yake yamo magiza mawili ya mwezi badala ya moja, na mtu makini hujiwekea akiba. Nikasaini kama ndugu wa karibu.

Dada sijamwambia. Nitasema foleni ni ndefu. Kwa hospitali yetu hilo halihitaji ushahidi.

Niliporudi nilimkuta ameshaanza kupanga begi la kulazwa, wiki mbili kabla. Anapapasa kila nguo, anaikunja, anaiweka. Aliuliza wodini achukue blanketi moja au mawili.

Nimemwambia asiharakishe.