Biskuti za Mheshimiwa

Gazeti lile Karani hakulileta kwa bahati. Alilikunja makusudi, ukurasa wa ndani ukae juu, akaliweka katikati ya benchi la fundi viatu, kisha akajifanya anatazama barabara. Aliwajua wenzake vizuri. Ukiwaomba ushauri watakucheka mwezi mzima, lakini ukiwapa habari ya kuwaudhi watakushauri bure na bila kujua.

Aliyelidaka alikuwa Breki, dereva mstaafu wa malori, mtu ambaye hata akinong'ona anasikika ng'ambo ya barabara.

"Ebo! Hebu sikieni upuuzi huu! 'Mtengenezee mbwa wako biskuti nyumbani.' Mbwa! Biskuti! Nyumbani!"

"Na chai anakunywa ya maziwa au ya rangi?" aliuliza fundi viatu, misumari ikiwa midomoni.

"Dunia imekwisha," alisema Kisu, mwuza nyama, ambaye bucha lake alilifunga "dakika tano" tangu asubuhi. "Mke wangu akianza kumpikia mbwa biskuti, narudi kwa mama yangu."

"Na ukiambiwa upike wewe?"

"Mimi? Jikoni kwangu sijui hata mlango unafungukia upande gani!"

"Nyumbani kwangu wanajua siwezi kuchemsha maji," Breki alijigamba.

"Mimi nayachemsha," alisema fundi, "ila yanaungua."

Wakagongana viganja kwa kicheko. Karani alicheka nao, lakini cha moyoni alikijua mwenyewe. Mkewe alikwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, akamwachia Mheshimiwa, mbwa wake mzee aliyemdekeza kuliko wanawe. Siku ya kuondoka alimweleza Karani namna ya kumpikia biskuti zake, hatua kwa hatua, naye akaitikia "sawa, sawa" macho yakiwa kwenye mpira. Leo ni siku ya tisa. Mheshimiwa anaramba chakula kidogo na kukiacha, mbavu zimeanza kuhesabika, na mama mwenye mbwa anarudi Jumamosi. Kila siku anapiga simu na kuuliza jambo moja tu: "Mheshimiwa amekula?" Habari ya tumbo la Karani hajaigusa hata mara moja.

"Lakini tuseme," Karani alianza, akijikuna sikio, "kuna mtu, simtaji jina, amempikia mbwa. Katia ini, unga, chumvi, na vitunguu vingi vya kukaanga. Mbwa ananusa, anakwenda zake. Kwa nini?"

"Vitunguu!" Kisu aliruka kutoka kwenye benchi. "Vitunguu ni sumu kwa mbwa, we mtu! Mshukuru Mungu hakula! Na chumvi ya nini? Unachemsha ini, unalisaga laini, unatia unga wa shayiri vikombe viwili, yai moja..."

"Mawili," alidakia Breki. "Yai moja litashika unga wote huo?"

"Ini lina majimaji yake, bwana!"

"Muhimu moto," fundi alisema, akitemea misumari kiganjani. "Ukiukazia, nje zinaungua na ndani mbichi. Uwe wa wastani, mpaka kingo zigeuke kahawia."

Wakatazamana mmoja mmoja.

"Kisu," Karani aliuliza taratibu, "mlango wa jikoni kwako unafungukia upande gani?"

Kisu aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaketi. "Kabla sijaoa nilikuwa mpishi hotelini. Miaka sita."

"Mkeo anajua?"

"Akijua si nimekwisha? Nitoke buchani niingie zamu ya pili?"

Breki naye akakiri kwamba miaka ishirini alijipikia barabarani, kando ya lori. "Nyumbani nikiambiwa nikate nyanya, najikata kidole. Makusudi." Fundi, kumbe, aliwalea wadogo zake sita kwa mikono ileile ya kushona soli.

"Basi niokoeni, jamani," Karani alisema. "Mbwa mwenyewe ni Mheshimiwa."

"Tumejua tangu tulipoona ulivyokunja gazeti," fundi alimjibu, akifunga kisanduku chake.

Waliapishana kwanza kutunza siri. Kisha wakaingia kwa Karani, wakafunga mlango na mapazia, mchana kweupe. Kisu alivaa aproni ya maua ya mama mwenye nyumba. Breki alikata biskuti kwa mdomo wa glasi, huku wakigombana kuhusu mayai hadi trei inaingia ovenini. Zilipopoa, Mheshimiwa akaja, akanusa, akala. Akainua kichwa akidai nyingine. Karani alifurahi hata akambusu mwuza nyama kwenye upara.

Simu ikalia, ya video.

"Mheshimiwa amekula?"

Baada ya siku tisa za kubabaika, Karani alikuwa na jibu, na majivuno yakampanda. "Mwone mwenyewe!" akasema, akaigeuza simu.

Mkewe alimtazama mbwa, kisha nyuma yake. "Hao nyuma ya mbwa ni kina nani?"

Nyuma ya mbwa walikuwepo Kisu na trei, Breki mwenye unga hadi viwikoni, na fundi viatu akisuuza bakuli.

"Shemeji," Kisu alisema, "sivyo unavyofikiri."

"Sifikirii kitu, shemeji. Tulieni hivyohivyo nipige picha, niwatumie wake zenu."

"Shemeji, tafadhali!"

"Trei umeishika vizuri sana. Usiishushe."

Kesho yake Karani alifika na gazeti jipya, akakuta benchi tupu. Kisanduku cha fundi kimefungwa, bucha limefungwa. Alikaa peke yake hadi karibu saa sita, ndipo akamwona Breki akipita mbiombio na kikapu cha nyanya.

"Njoo ukae, kuna habari!"

"Nimeacha sufuria motoni," Breki alinong'ona, na safari hii sauti yake haikuvuka hata barabara.

Karani alikuwa bado anacheka, simu yake ilipolia.

"Umekula?" mkewe aliuliza.

Moyo wake ukalainika. Siku kumi kaisubiri kauli hiyo. "Bado, mke wangu."

"Vizuri. Endelea kuzoea jiko. Jumamosi nakuja na njaa."