Spoku Anunua Shahidi

Redio ya kwenye mabenchi ya chai, juu kabisa ya kilima cha tangi la maji, ilirudia tangazo lake kwa mara ya tatu. Mashindano ya baiskeli yamebakiza nafasi moja. Ataipata atakayetuma video isiyokatwa hata kidogo, inayoonyesha baiskeli ikipanda kilima hiki toka chini mpaka juu bila mpandaji kukanyaga chini. Mwisho ni leo saa kumi jioni.

"Hiyo nafasi ina mwenyewe," alisema Spoku, fundi baiskeli, akipangusa vidole kwa kitambaa kichafu kuliko vidole. "Miaka kumi na moja napanda hapa. Mguu wangu haujui ardhi ya hiki kilima."

"Nani alikuona?" aliuliza Tani Saba, dereva wa lori la mchanga.

Spoku alikuwa akilisubiri swali hilo wiki nzima. Akatoa mfukoni kidude cheusi, cha mviringo, kisichozidi kidole gumba, akakiweka mezani kwa heshima zote.

"Huyu hapa. Unamfunga kwenye kofia, unaendesha, yeye anarekodi. Anaona unachoona."

"Lipstiki hiyo," alisema Tani Saba.

"Kamera, wewe! Haiingii maji, haiogopi vumbi, chaji masaa matatu."

Tani Saba akaichukua, akaitumbukiza kwenye glasi yake ya chai. Spoku aliruka kama ameungua yeye. Walipoitoa, kijitaa chake kilikuwa bado kinapepesa.

"Maji, kumi juu ya kumi," alitangaza Profesa. Huyu ni fundi simu, na hakuna kitu duniani asichokitolea maksi. Akachomoa kadi, akaichomeka kwenye simu yake. "Tuone picha."

"Kuna kitu kidogo," Spoku alisema haraka. "Pale kona kali chaji ilikata, ikarudi nilipofika juu. Vitu vya bei poa, mnavijua. Profesa ataunga vipande, na nyie mtasema mliniona."

"Si ulisema masaa matatu?"

Kabla hajajibu, Mama Maziwa akawapitia katikati na baiskeli yake nyeusi, madumu mawili yamening'inia nyuma. Ilikuwa safari yake ya pili siku hiyo.

"Mama, unatukinga bwana!" Profesa alilalamika bila kuinua macho. Mama Maziwa akasogea, akaingiza madumu jikoni.

Video ikaanza. Barabara ilitikisika kama inachekechwa.

"Utulivu, mbili. Rangi, sita. Sauti... mzee, unahema hivyo na hata hujaanza kupanda?"

"Upepo huo."

"Na huu mgongo wa nani umejaa mbele? Unaharibu picha."

"Mama Maziwa huyo. Achana naye, tazama barabara."

Kona kali ikatokea. Spoku akanyoosha mkono. "Hapo ndipo ilipokata."

Haikukata. Kidole kikubwa kilikuja kikabonyeza, kikaondoka, na picha ikaendelea safi. Spoku akaurudisha mkono. Kumbe ili izime unabonyeza mpaka itetemeke, na hilo limeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, ile aliyofutia mnyororo.

Kwenye simu ukatokea mkono umeng'ang'ania chuma cha nyuma ya lori.

"Subiri," Tani Saba akainuka. "Hiyo taa iliyofungwa kwa waya naijua. Hilo si lori langu? Umenipandia bure?"

"Hebu zima," alisema Spoku.

"Nizime nini, utamu ndio unaanza!" alisema Profesa.

Lori lilikuwa linatambaa kwa gia ya kwanza, na ubavuni mwake, sambamba na Spoku, Mama Maziwa alikuwa anakanyaga pedali taratibu. Kamera haikumwacha, kwa sababu Spoku hakuweza kuondoa macho. Sauti ya mama huyo ilisikika wazi kabisa: "Fundi! Pole. Mnyororo umekatika?"

Na ya Spoku, nyembamba: "Umekatika, mama!"

Benchi zima lilianguka kwa kicheko. Tani Saba alishika mbavu. Ila Profesa hakucheka. Alikuwa ameisogeza simu puani.

"Amelipita lori," alisema. "Na madumu yake. Amefika mpaka mlango wa jiko hili, ndipo anashusha mguu." Akarudisha mwanzo, akatazama tena. "Hajakanyaga chini hata mara moja. Haijakatwa popote."

Wakatazamana. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Itume," alisema Tani Saba. "Kwa jina lake."

"Basi ondoa pale penye sauti yangu," Spoku aliomba. Aliona mji mzima ukimsikiliza redioni na ule mnyororo wake.

"Isiyokatwa, mzee. Tangazo umelisikia mara tatu."

Spoku aliitazama kadi yake. Kuichomoa ilikuwa kazi ya sekunde moja, na hakuna ambaye angemzuia.

"Tuma," alisema.

Mama Maziwa alikuwa anatoka jikoni na madumu matupu. Wakamweleza wote kwa pamoja, kwa kelele, mpaka akaelewa.

"Sasa mama, jina lako nani?" Profesa aliuliza, kidole tayari juu ya simu.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Miaka saba mnakunywa maziwa yangu. Mlidhani yanapanda kilima yenyewe?"

Akaichukua simu, akaliandika jina mwenyewe, akabonyeza, akamrudishia Profesa. Kisha akaisukuma baiskeli yake mpaka mbele ya Spoku, akaiegemeza kwenye benchi.

"Breki ya nyuma haishiki, fundi. Nitaihitaji kwenye mashindano." Akainama kidogo. "Na ule mnyororo wako, ulishapona?"