Salamu Zangu Katika Kanisa Kongwe

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata dawa ya Bethuel! Tarehe kumi na tano ushirika wetu wa Wakenya hapa Birmingham unachagua mwenyekiti, naye anajiona ameshakalia kiti kwa sababu ni nesi na ana gari. Mimi Jumapili hii nawapeleka watu wote kusali katika kanisa kongwe la parokia, mbele kidogo ya Harborne. Wanasema Injili ilihubiriwa pale hata kabla kuta zake hazijajengwa. Wageni wakiombwa kusimama, nani atatoa salamu? Mimi, Cleopas. Brigid, mke wangu, ameuliza kama Waingereza huwaomba wageni wasimame. Mwanamke huyu ana imani haba!

Jumamosi, 7 Juni
Nimefanya mazoezi ya salamu mbele ya kioo cha bafuni. Tamu! Brigid amegonga mlango akitaka kuoga. Nimemwambia uongozi si mchezo.

Jumapili, 8 Juni
Mawe mazito, mlango mfupi, baridi ya Limuru ndani. Wenyeji wachache, wazee watupu. Nikaketi mbele kabisa. Matangazo yakaja, yakapita. Hakuna aliyewaita wageni! Kasisi akaanza baraka za mwisho. Nikae kama gunia? Nikasimama. Bwana Yesu asifiwe! Watu wetu wakaitika amina, bibi mmoja akadondosha miwani. Nikaleta salamu za Birmingham, za Kisii, za mama mzazi, za mchungaji wetu ambaye hata hakujua tumekwenda. Nikaita kwaya yetu, ikaimba. Kasisi bado alikuwa ameinua mkono, maskini.

Baadaye nilipigwa picha mlangoni, pembe zote. Bethuel hayumo hata kwenye moja. Alikuwa jikoni akiosha vikombe na Audrey, mzee wa kanisa lile. Mwenyekiti gani huyo?

Jumatano, 11 Juni
Audrey amempigia simu Bethuel. Bethuel! Kwaya imewagusa, na tunakaribishwa kusali pale kila Jumapili alasiri. Tunauhama ule ukumbi tunaosalia wa Washwood Heath, unaovuja. Ameomba tu, kwa upole kabisa, kwamba salamu ziwe zikitolewa na yule bwana wa vikombe. Wivu huo!

Jumapili, 15 Juni
Bethuel ni mwenyekiti. Mimi kura mbili. Moja yangu. Ya pili ya Bethuel mwenyewe, amekiri kwamba alinionea huruma. Brigid amempigia kura Bethuel, na vigelegele juu. Imeniuma, sifichi. Lakini nimeketi, nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Salamu zilikuwa fupi mno.