Papa Aliyepimwa Mtaa Mzima

Jumatatu, 6 Septemba 1948

Nimepata kazi! Mimi, Ishaka wa Mtongwe, mwenye minazi michache na akili nyingi, leo nimeandikwa mkalimani. Kuna Bibi Daktari ametoka Ulaya, amepiga hema karibu na skuli. Anataka kujua watu wa huku wanakula nini. Nilimwambia najua Kiswahili cha Mvita, Kidigo, Kiarabu cha kusalia na Kiingereza kingi. Akaniuliza jambo kwa Kiingereza. Nikainamisha kichwa kwa heshima, kimya. Akacheka, akaniandika.

Taabu ni moja. Kaandikwa mwengine pia. Anaitwa Kahindi, kasoma misheni, akaa Magongo. Suruali yake fupi imepigwa pasi hata mkunjo wake ungekata muhogo. Kalamu sikioni. Yeye atashika mizani, mimi nitashika maswali. Kazi ikiisha, mmoja wetu atakuwa mkalimani mkuu, atafuatana na Bibi Daktari mpaka Lamu, tena atapewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba.

Nimeliona koti. Limetundikwa hemani. Likanitazama mimi, si Kahindi.

Jumanne, 7 Septemba

Subhanallah! Ile mizani! Si kama ya duka la nazi, inayosema uongo kwa upande wa mwenye duka. Hii ina sahani mbili za shaba na mshale mwembamba kama unyoya. Bibi Daktari alitia chembe za chumvi, zile za kushika kwa vidole viwili. Mshale ukasogea! Nikavua pete yangu nikaipima. Ukasogea. Nikaipulizia pumzi. Ukatikisika! Kahindi akaniomba niache kupulizia mali ya serikali. Husuda hiyo.

Kisha tukaelezwa kazi. Kahindi atakaa jikoni kwa watu, apime kila kiingiacho chunguni na kila kipakuliwacho. Kesho yake mimi niende nyumba zile zile, niulize walikula nini jana. Halafu majibu yangu yawekwe kando ya vipimo vyake.

Nikauliza, kama tumekwisha pima, kuuliza kwa nini? Bibi Daktari akasema nchi ni kubwa, mizani haiwezi kukaa katika kila jiko. Siku moja watauliza nchi nzima. Basi kwanza lazima wajue kama swali lenyewe ni zima au bovu.

Wanalijaribu swali! Kama mtu anavyotia maji mtungi mpya kuona kama unavuja! Nimekaa na jambo hili kichwani tangu alfajiri, Kahindi alipokwenda kuanza kupima. Mimi nimeuliza maswali maisha yangu yote na sikuwahi kulijaribu hata moja.

Jumatano, 8 Septemba

Siku yangu ya kwanza. Nimevaa kanzu nyeupe. Nikaanza kwa Bi Dhahabu, jirani yangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu, nikamuuliza jana walikula chakula gani. Akasema hawakula kitu, mwanangu, hapakuwa na kitu. Nyumba ya pili, hawakula. Ya tatu, hawakula. Mtaa mzima hawakula! Nikaandika kila mahali: hapana, hapana, hapana. Nilikaribia kulia.

Bibi Daktari aliposoma majibu, uso ulimbadilika rangi. Akafungua vipimo vya Kahindi. Nyumbani kwa Bi Dhahabu, jana: mahamri asubuhi, mihogo ya nazi mchana, dagaa, mapera, madafu mawili, na mihogo tena jioni.

Akaniuliza, kwa upole, mbona niliandika hapana. Nikamwambia Bi Dhahabu hakusema uongo, wallahi. Hapakuwa na wali. Hapakuwa na sima. Mihogo si chakula! Mihogo ni mihogo!

Nikamtazama Kahindi nikingoja anicheke. Hakucheka. Akasema hata kwao, mtu asipoona sima jioni hulala akisema hakula, na tumbo limejaa.

Bibi Daktari akakaa chini mchangani na gauni lake zuri. Akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaandika, akaandika. Akasema sisi wawili tumemwokoa na aibu kubwa, maana angeipelekea serikali habari ya njaa isiyokuwapo. Kuanzia sasa hataulizwa mtu chakula. Ataulizwa: tangu ulipoamka, kitu gani cha kwanza kilipita kinywani mwako? Kisha kipi?

Nilimtazama kama mtu aonaye mwezi ukizaliwa. Neno moja tu kalitoa, na mihogo ya Mtongwe yote ikatokea!

Alhamisi, 9 Septemba

Nimefikiri sana. Bibi Daktari anapenda nini? Anapenda majibu yangu na vipimo vya Kahindi vilingane. Vikilingana atafurahi. Akifurahi, koti.

Sasa, vipi vitalingana daima? Jibu lilinijia nikiwa juu ya mnazi, nikasahau kuangua. Kila nyumba ipike kitu kimoja! Nitakijua kabla. Sitakosea hata wakia moja.

Nimepita kwa akina mama wote. Jumamosi, nimewaambia, kila jiko ni sima, mchicha wa tui na papa mkavu. Bi Dhahabu akauliza papa atatoka wapi, mwezi huu papa ni wa matajiri. Nikamwambia amwachie Ishaka.

Mwanarusi, mke wangu, kamtundika papa mmoja mzuri juu ya meko kwa ajili ya mgeni. Nimemtazama papa huyo kwa jicho jipya.

Ijumaa, 10 Septemba

Hakuna kazi. Msikitini nimeomba mengi. Dua moja ilihusu vifungo vya shaba.

Jumamosi, 11 Septemba

Aibu. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Asubuhi ilikwenda vizuri! Kahindi alianza kwa Bi Dhahabu. Akapima unga, akapima mchicha, akapima papa. Alipogeuka kufunga mizani, Bi Dhahabu akanipa papa kwa mlango wa nyuma. Nikamtia ndani ya kanzu, nikapita nyuma ya ua, nikamtoa nyumba ya pili. Kahindi akafika, akapima papa. Nikamchukua. Nyumba ya tatu. Ya nne. Nilikimbia kama kijana! Hapakuwa na baya ila paka. Wa kwanza alianza kunifuata kwa Bi Dhahabu. Nyumba ya tano walikuwa kundi.

Baada ya adhuhuri Bibi Daktari akatuita hemani. Alikuwa akisoma vipimo, na kidole chake kikashuka pole pole juu ya karatasi. Akasema Bi Dhahabu ana papa wa ratili moja na wakia tatu. Jirani yake, ratili moja na wakia tatu. Anayefuata, ratili moja na wakia tatu. Akamuuliza Kahindi kama papa wa bahari hii huzaliwa mapacha.

Mizani ilimtambua papa! Chuma kisicho na macho wala pua! Nyumba baada ya nyumba kilimshuhudia kuwa ni yule yule! Hata katika fedheha yangu nilishangaa, nikasema mashallah kwa sauti. Hapo nikajiponza. Bibi Daktari akageuka. Akatazama paka waliokaa miguuni mwangu. Akaniomba, kwa adabu kamili, niinue mikono.

Papa akaanguka miguuni.

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alisema tu kwamba hakuna mtaa duniani ambamo nyumba zote hula sawa siku moja, na kwamba kazi ya asubuhi nzima imekuwa bure. Nikaona uchovu usoni mwake. Siku zake hapa ni chache, akirudi mikono mitupu wakubwa wake watasema watu wa pwani hawahesabiki. Kisha akauliza papa ametoka jiko gani. Nikasema la kwangu. Akasema basi Jumatatu atakuja kukaa jikoni kwangu, yeye mwenyewe. Maswali atauliza Kahindi. Mizani nitabeba mimi.

Kahindi alinipa maji ya kunywa njiani. Sijui alikusudia nini.

Jumatatu, 13 Septemba

Niliamka na shauri la kujiokoa. Nyumba ya Ishaka itaonekana ya neema! Nikamwamuru Mwanarusi achinjiwe jogoo, apike wali wa nazi. Akaitika abee, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kuwasha moto.

Bibi Daktari alikuja kabla ya chai. Akakaa juu ya kigoda jikoni, katika moshi, macho yakimtoka machozi, na hakuondoka. Mtu aliyesoma hivyo! Alipima mchele, nazi, jogoo. Wali ulipoiva akapima kila sahani. Yangu: nyama nyingi, mshale ukaruka. Ya mama yangu. Ya watoto wakubwa. Nilisimama mlangoni nimevimba kwa fahari.

Tulipokwisha kula, Kahindi akaanza kwa adabu.

"Mama, nawe umekula?"

"Nimekula, alhamdulillahi," akasema Mwanarusi.

Kahindi akaandika. Bibi Daktari hakuandika. Alitazama karatasi yake, akatazama sahani zilizokuwa chini. Kila sahani alimjua mwenye kula, na hapakuwa na ya Mwanarusi. Akamnong'oneza Kahindi aulize tena kwa njia nyingine. Akauliza, kama alivyofunzwa, kitu gani kilipita kinywani mwake. Mwanarusi akasema kile kile walichokula wenzake. Bibi Daktari akafumba macho, akafikiri. Kisha akauliza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kitabuni.

"Mama, ulipakua ya nani kwanza?"

"Ya baba watoto."

"Kisha ya nani?"

"Ya mama mkwe."

"Kisha?"

"Ya watoto."

"Kisha?"

Mwanarusi akamweka mtoto vizuri mgongoni. Akatazama moto.

"Kisha nilikwangua sufuria," akasema.

Bibi Daktari akaiomba sufuria, akapima ukoko uliosalia ubavuni. Kidogo mno. Nikasema mizani imeharibika. Nikainyakua, nikapima pete yangu. Ilikuwa nzima.

"Mwanarusi," nikasema, "kila siku nakuuliza umekula, waniambia umekula!"

"Nikiwaona mnakula, roho yangu imeshiba," akasema. "Tena wauliza ukiwa umekwisha nawa mikono."

Mama yangu akainama. Ananyonyesha, huyu mke wangu. Wiki iliyopita nilimwona amekaa chini kisimani, nikadhani ni jua. Bibi Daktari alimshika mkono na kutazama ndani ya kope zake, akasema damu ni pungufu, kesho aje hemani apewe dawa, na leo apewe maini ya jogoo. Maini nilikuwa nimekwisha yala mimi.

Miaka tunalala chini ya paa moja. Amekuja mgeni, akauliza ya nani kwanza, kisha ya nani, na nyumba yangu yote ikafunguka kama nazi. Nilikwenda nyuma ya ua nikasimama huko. Kahindi alinifuata, akasema kwao ni vivyo hivyo, na jioni hii atamtazama mama yake akipakua.

Jumanne, 14 Septemba

Nimemwita Mwanarusi ale nami sahani moja. Aliona haya. Nikasukuma samaki upande wake, akamrudisha. Nikamsukuma tena. Tukaendelea hivyo mpaka samaki akavunjika. Akacheka. Akala.

Anakunywa dawa, inanuka kama msumari wenye kutu.

Hemani, swali la kupakua limejaribiwa mtaa mzima. Limelingana na mizani karibu kila nyumba! Na kumbe akina Mwanarusi ni wengi. Bibi Daktari alisimama na karatasi mkononi kama aliyeokota lulu. Akasema hili litakwenda nchi nzima. Nchi nzima! Kutoka jikoni kwangu! Nikamkumbusha kwamba, bila papa, asingefika jikoni kwangu. Akafikiri, akakubali kuwa ni kweli. Nikamwomba basi liitwe Swali la Ishaka. Akasema atalifikiria. Uso wake haukuwa wa mtu anayefikiria.

Koti amepewa Kahindi. Mikono ya koti ni mirefu, inamfunika vidole. Hakulivaa mbele yangu, alilikunja. Ningefurahi zaidi kama angeringa.

Alhamisi, 16 Septemba

Wameondoka. Kahindi alinipungia kutoka kwenye feri.

Lakini kabla ya kwenda alinipa habari! Wiki ijayo wanakuja madaktari wengine, wa macho. Wako Kisauni sasa. Hutundika karatasi yenye alama kama kitana, meno yake mara juu, mara chini, mara kulia, mara kushoto, nawe huonyesha kwa mkono yameelekea wapi. Kahindi amewaona, akanionyesha mpango wote wa alama. Ajabu! Jicho la mtu hupimwa kwa kitana!

Nimeuandika mpango huo ukutani kwa makaa. Nimewakusanya watu wa mtaa na kuwafundisha kwa kuimba: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Bi Dhahabu amekwisha shika. Wakija, Mtongwe yote itaona mpaka alama ndogo ya mwisho. Watastaajabu! Wataandika kuwa hakuna macho mazima kama yetu katika pwani nzima, na watauliza nani ni mkalimani wa hapa.

Mwanarusi akaniita kando akaniuliza kama sikujifunza lolote kwa yale ya papa. Nikamwambia nimejifunza sana. Mara hii hakuna kitu cha kubeba ndani ya kanzu.

Anayeshika vizuri kuliko wote ni Mzee Mbwana, ambaye macho yake yana ukungu mweupe na haoni hata mlango wa nyumba yake. Haruki alama hata moja. Leo aliniuliza: kama atawaambia madaktari kuwa anaona kila kitu, dawa ya macho atapewa kwa njia gani?

Nimemwambia asituharibie mtaa. Aanze tena mstari wa kwanza.